Mkono Kwenye Ncha ya Kamba

Mazungumzo yangu ya jioni hii yanaanzia mbali na studio hii, huko Nainokanoka, katika nyanda za juu za Ngorongoro, mahali ambapo kukicha mtu huuona ukungu kwanza na jua baadaye sana, na mzaliwa wa pwani kama mimi hujitanda shuka juu ya koti na meno yakaendelea kugongana. Kijiji hicho kimekaa chini ya mlima Olmoti, ambao jina lake katika Kimaasai ni chungu cha kupikia, na hakika mwenye kupanda hata ukingoni mwake atakiri kwamba waliouita hivyo hawakukosea, kwani juu pana bonde la mviringo lililojaa majani, na kutoka bondeni humo maji ya Munge huchuruzika, hupata upenyo katika ukingo, huporomoka gengeni, kisha hushuka hata ndani ya kreta kubwa ya Ngorongoro na kuishia katika ziwa la magadi lisilo na mlango wa kutokea.

Asubuhi moja nilisimama huko kando ya njia, nikimtazama mama mmoja wa Kimaasai akifunga madumu ya maji juu ya punda wake. Mwanawe, layoni wa miaka kumi hivi, alikuja akainamisha kichwa mbele yangu nikamgusa utosini, kama ilivyo desturi ya watoto wa huko kwa wakubwa wao, kisha akarudi kwenye kazi aliyopewa, yaani kukusanya kamba iliyokuwa imetandazwa majanini. Ilikuwa kamba ndefu, yapata hatua kumi na mbili, na ncha yake ya mbali ilikuwa imenasa chini ya jino la kisiki. Nilimwambia, kwa upole, “Mwanangu, nenda kule kule ukaikwamue.” Hakunijibu neno. Aliikaza kamba kidogo, akainua mkono, akaushusha mara moja tu, na hapo nikaona nundu ikizaliwa penye kiganja chake, ikakimbia juu ya kamba kama panya apitaye chini ya jamvi, ikafika kwenye kisiki, na ncha ikaruka ikawa huru. Yule mtoto hakutoka alipokuwa amesimama, wala kamba yenyewe haikusogea kuelekea kisikini. Kilichosafiri ni umbo.

Jambo hili limenikalia moyoni muda mrefu, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo wanahisabati wamehangaika nalo kwa zaidi ya karne mbili, na ambalo katika zama zetu limekuwa ilimu kamili yenye vitabu na mabingwa wake: kitu kilicho kinyumbufu, chenye kupinda popote kipendapo, kitatawaliwaje na mkono unaokishika mahali pamoja tu?

Natutazame kwanza ugumu uko wapi. Nikitaka kukuarifu mahali alipo punda katika njia itokayo Nainokanoka kwenda Bulbul, hesabu moja yatosha, nayo ni mwendo aliokwisha kwenda tangu kijijini. Akiiacha njia akaingia malishoni, nitahitaji hesabu mbili, moja ya mashariki na moja ya kaskazini. Tai aliye juu yake hahitaji zaidi ya tatu, maana ya tatu ni kimo chake kutoka ardhini. Lakini kamba, je? Ili nikueleze umbo la kamba iliyolala majanini sina budi nitaje ilipo ncha yake, na ilipo sehemu ya kando ya ncha, na ile iliyo kati ya hizo mbili, na iliyo kati ya hizo tena, wala sitafika mahali pa kusema basi, kwani baina ya nukta mbili za kamba, hata zikikaribiana namna gani, ipo ya tatu inayoweza kupinda kwa namna yake. Ndipo wataalamu waliposema: natulichukue umbo zima la kamba tulifanye nukta moja, ila nukta hiyo iwe ndani ya uwanja ambao vipimo vyake si kimoja, wala viwili, wala vitatu, bali havikomi. Kila mkunjo ambao kamba yaweza kujikunja ni kituo kimoja katika uwanja huo, na kamba inapotikisika huwa ni msafiri anayetoka kituo hiki kwenda kile. Asikiaye maneno haya kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni ndoto za watu waliokaa mno na vitabu. Walakini maana yake ni nyepesi na ni sahihi, nayo ni kwamba kamba ya punda ina uhuru mwingi kuliko tai.

Uhuru huo ndio uliowagombanisha wakubwa watatu wa hisabati za Ulaya katika karne ya 18. Mwaka 1747 Mfaransa d'Alembert aliandika mlinganyo wa uzi uliokazwa, akadhihirisha kwamba mwendo wake wote, hata uwe na fujo kiasi gani, ni mawimbi mawili tu yaliyolaliana, moja likienda kulia na jingine likienda kushoto, kila moja likiwa limehifadhi sura yake. Lakini alishikilia kwamba umbo la uzi pale mwanzo sharti liwe la kuelezeka kwa kanuni moja ya hesabu. Euler, aliyekuwa Mswisi, alikataa, akasema umbo lolote linaloweza kuchorwa na mkono huru lastahili kukubaliwa. Baada yao akatokea Daniel Bernoulli, mwaka 1753, akasema kwamba kila umbo la uzi ni mchanganyiko wa sauti: ya kwanza ni uzi wote kuvimba tumbo moja, ya pili ni matumbo mawili, ya tatu ni matumbo matatu, na kuendelea bila ukomo; mwenye kujua ni kiasi gani cha kila sauti kimetiwa amelijua umbo zima. Wenzake wote wawili walimpinga. Mimi namwona Euler kuwa ndiye aliye karibu zaidi na yule mtoto wa Nainokanoka, kwa kuwa mtoto hakuuliza kanuni kabla ya kuinua mkono; ila Bernoulli ndiye aliyetuachia hesabu za kuutembelea ule uwanja usio na ukomo, maana kila sauti yake ni kipimo kimoja cha uwanja huo. Fourier, tangu mwaka 1807, alionyesha jinsi ya kukikadiria kiasi cha kila sauti, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani David Hilbert akaujengea uwanja wenyewe misingi, hata leo aina moja ya nyanja kama hizo inaitwa kwa jina lake.

Hata hivyo kuwa na ramani ya nchi si kuitawala. Turudi kwa mkono.

Chukua kamba ya mita 10 yenye uzito wa kilo moja, ifunge ncha moja kwenye kigingi, na ncha ya pili uivute kwa nguvu ilingayo na uzito wa kilo moja. Kasi ya wimbi katika kamba hutegemea mambo mawili, mkazo wake na uzito wa kila mita yake, na kwa kamba hii hesabu inatoka vizuri: wimbi litakwenda mita 10 kwa sekunde. Likitoka mkononi litafika kigingini kwa sekunde moja na kurudi kwa sekunde nyingine. Sasa basi, muda huo wa sekunde 2, wa kwenda na kurudi, ndio mpaka wa dola ya mkono. Hisabati imethibitisha kwamba mwenye kuishika ncha, akipewa sekunde 2, aweza kuitoa kamba katika umbo na mwendo wowote iliyokuwa nao na kuifikisha katika umbo na mwendo mwingine wowote autakao, vyote hivyo kwa kuinua na kushusha mkono mmoja; lakini akipewa pungufu ya sekunde hizo, yako maumbo asiyoweza kuyafikia kamwe, hata mkono wake uwe na nguvu za tembo, kwa sababu kuna sehemu za kamba ambazo habari ya mkono haijazifikia, na nyingine ambazo habari zao hazijaufikia mkono. Anayetaka kuharakisha na aikaze kamba, ila ajue gharama yake: ili wimbi liende kasi maradufu, mkazo sharti uongezwe mara nne.

Msikilizaji ambaye yuko nyumbani na ana kamba ya kuanikia nguo, kesho mchana aifungue ncha moja na kulijaribu jambo lifuatalo, ambalo kwangu ni tamu kuliko yote. Atikise kamba halafu aushikilie mkono imara kama kigingi. Ataona wimbi likirudi limepinduka, lililokuwa nundu limekuwa shimo, likaenda tena na kurudi tena, na kamba haitulii upesi. Kisha aifunge ncha ile kwa uzi mrefu mwembamba, aushike ule uzi badala ya kamba, ili ncha ya kamba iwe huru kupanda na kushuka. Wimbi litarudi tena, safari hii bila kupinduka. Mkono mgumu hulirudisha wimbi, na ncha isiyo na mkono hulirudisha pia. Lakini kati ya ugumu ule na ulegevu huu kuna kiasi kimoja cha kukubali, kimoja tu, ambacho wimbi likikifikia halirudi. Kwa kamba yetu ya kilo moja, kiasi hicho ni kwamba kila mkono unaposukumwa na nguvu ya uzito wa gramu 100 ukubali kwenda mita moja kwa sekunde, si zaidi, si kasoro. Mkono ukifanya hivyo huwa kana kwamba kamba haina mwisho hapo. Wimbi huingia mkononi kama linalopita kwenda zake, na baada ya sekunde 2 kamba yote, iliyokuwa na fujo za kila namna, hunyamaza kabisa. Manahodha wa majahazi, ambao hawakusoma mlinganyo wa d'Alembert, wanaijua hali hii katika demani, ile kamba ya tanga: tanga likipigwa na dharuba, ashikaye demani kwa ukaidi hulipasua, aiachiaye hulipoteza, na mjuzi huipitisha kamba mkononi kwa kiasi anachokijua kiganja chake.

Napo mahali pa kushika pana jambo lake la kushangaza. Mtu aweza kudhani kwamba katikati ya uzi ndipo penye nguvu, kwa kuwa pako karibu na pande zote mbili. Mpiga udi anajua vinginevyo. Akiupiga uzi na kuugusa kwa wepesi katikati kabisa, ile sauti ya kwanza, ya tumbo moja, hufa, na ya tatu hufa, na ya tano. Lakini ya pili haina habari, kwa sababu katikati ndipo inapopumzika, matumbo yake mawili yakipanda na kushuka huku na huku ya kidole ilhali chini ya kidole hakuna kinachotikisika. Ndiyo maana sikio husikia uzi ukiimba kwa sauti ya juu, nayo ni ile isiyoguswa. Basi mwenye kuutawala uzi kutoka katikati hana mamlaka juu ya nusu ya sauti zake, wala hazihisi, na mambo haya mawili yana shina moja. Jacques-Louis Lions, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1928, alilijengea shina hilo njia kamili ya hesabu mwaka 1988: ukitaka kujua kama utaweza kuongoza kitu kutoka mahali fulani, uliza kwanza kama ukiwa mahali hapo utaweza kukihisi kizima, mpaka sauti yake ya mwisho. Ncha ya kamba ndiyo inayozihisi zote. Yule layoni hakuishika kamba ya mama yake katikati.

Nisije nikakupendezesheni kwa urahisi usio wa haki, sina budi niseme kwamba uzi wa d'Alembert ni uzi uliokazwa na unaotikisika kidogo tu, na kamba za duniani hazina adabu hiyo. Kamba iliyolegea hupinda sana, hujipiga kitanzi, huburuza majani. Juu ya hayo ina sharti moja ambalo karatasini laonekana dogo, nalo ni kwamba haivutiki, yaani urefu wake haubadiliki hata ikijikunja vipi. Sharti hilo huziunganisha nukta zake zote kwa siri: ukiivuta hapa, mkazo hubadilika kule, na mkazo ukibadilika, kasi ya wimbi nayo hubadilika, hata mtu asiweze tena kusema kwa neno moja wimbi litafika lini. Mkazo, ambao kwa uzi wa udi tulikuwa tukiujua tangu mwanzo, hapa huwa ni jambo la kutafutwa kila nukta na kila dakika pamoja na umbo lenyewe. Hapo hesabu za Bernoulli hazitoshi peke yake, na wanahisabati wa leo wangali wakitoka jasho.

Na yako maumbo yasafiriyo bila mkono. Ukishuka kutoka nyanda za Nainokanoka kuelekea magharibi hata ukaribie Olduvai, utakuta uwandani tuta la mchanga mweusi lililopinda kama hilali, kimo chake kama mita 9, likiwa peke yake pasipo mchanga mwingine wowote kandokando. Asili yake ni majivu ya Ol Doinyo Lengai, na upepo wa mashariki hulisogeza yapata mita 17 kila mwaka. Zimesimikwa alama nyuma yake zenye kuonyesha lilipokuwa zamani. Wamaasai hulitukuza, na mtu akisimama mbele yake haoni ajabu kwa nini. Chembe za mchanga hupandishwa mgongoni na kuangukia mbele, zikafukiwa, zikafichuka tena nyuma kwa zamu yake, huku hilali ikibaki hilali. Katika kamba umbo lilisafiri na kamba ikabaki. Hapa mchanga na umbo vyasafiri pamoja, na hakuna ncha ambayo mtu angeweza kuishika.

Nilirudi kwa njia ya Lodoare, na nilipofika Rhotia, baada ya mji wa Karatu, nilisimamisha gari kando ya shamba la Mwiraqw mmoja aliyekuwa akilima kwa plau na maksai wanne. Mbele alikwenda kijana mwenye kuwaongoza, nyuma ndugu yake ameshika plau, na mzee mwenyewe alitembea ubavuni na mjeledi wa ngozi, mnene kama kidole gumba penye mpini, ukipungua pole pole hata mwisho wake ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Umbo hilo la kupungua si la urembo. Wimbi litokalo mkononi hubeba nguvu iliyotiwa penye unene, na kadiri mjeledi unavyokonda nguvu ile ile hukuta uzito mdogo wa kusukuma, basi mwendo hauna budi kuzidi, ukazidi, hata mwisho ukaupita mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde. Ule mlio tuusikiao ni hewa inayopasuliwa na kitu kilichoitangulia sauti yake. Alain Goriely na Tyler McMillen walionyesha kwa hesabu, mwaka 2002, kwamba mlio huo hutokana na kitanzi kinachokimbia juu ya mjeledi kikijikunjua, ndugu yake ile nundu niliyoiona juu ya kamba ya punda.

Nilimpa mzee shikamoo, akaitika marahaba bila kusimama. Mkono wake ulipanda ukateremka bila haraka, kama mkono wa mtu anayemkaribisha mgeni barazani. Kitanzi kikatoka, kikakimbia, na mlio ukapasuka hewani, kiasi cha shibiri moja juu ya sikio la maksai wa kulia, ambaye hakuguswa hata unywele, lakini aliinamisha shingo akaivuta nira, na mfuo uliokuwa umeanza kupinda ukanyooka. Walipofika mwisho wa shamba na kugeuza, nilimwuliza mzee anajuaje mjeledi utaliapo, naye alinijibu kwamba mjeledi hautazami, hulitazama sikio. Akainua mkono tena.